Mwongozo Kamili: Kumpata Wakili wa Kesi ya Jinai kwenye Ofisi Ndogo Bila Kupoteza Hela wala Haki

Nafanya kazi ya msaada wa kisheria, na simu ninazopigiwa zinafanana mno. Ndugu kakamatwa, ukoo umechanga, hela imeshatoka, wakili hapokei simu, na kesi inatajwa kesho. Ninapouliza mlikubaliana nini na wakili, najibiwa: "Alisema atashughulikia."

Neno hilo "atashughulikia" ndilo linalowaumiza watu. Ofisi ndogo yenyewe haina tatizo. Ofisi ya mawakili wawili au watatu inaweza kukutetea vizuri sana, kwa sababu mara nyingi wakili uliyekaa naye mezani ndiye atakayesimama mbele ya hakimu. Wanaofeli ni wale wanaolipa kabla ya kujua wanalipia hatua ipi, nani atasimama, na kama huyo mtu ni wakili kweli.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake, sheria zake za mwenendo wa jinai na chama chake cha mawakili. Njia ya kuchagua wakili haitofautiani sana, lakini taratibu na muda wa sheria nilizotaja hapa usizipeleke kwenye mahakama za Zanzibar kama zilivyo.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kumpigia wakili yeyote

Chukua daftari moja. Lisiwe la watoto la shule lililobaki kurasa tatu, maana litatumika miezi mingi. Andika ndani yake:

- Majina kamili ya mtuhumiwa kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, pamoja na umri wake. Aliye chini ya miaka 18 ana utaratibu wake na mahakama yake.
- Kituo alichopelekwa, na kama amehamishwa, kituo cha pili. Andika tarehe na saa aliyokamatwa. Saa ina kazi kubwa, utaiona hatua ya kwanza.
- Namba ya jalada la polisi na jina la mpelelezi.
- Kama ameshafikishwa mahakamani: jina la mahakama, namba ya kesi, jina la hakimu, na tarehe ijayo.
- Nakala ya hati ya mashtaka. Picha ya simu inayosomeka inatosha kwa kuanzia.
- Majina na simu za walioshuhudia tukio, au waliokuwa na mtuhumiwa siku hiyo.
- Watu wawili walio tayari kuwa wadhamini, wenye vitambulisho na barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.
- Kiasi cha fedha mlichonacho mkononi leo. Ahadi za mjomba aliyeko Mwanza zisihesabiwe.

Mwishowe, chagueni msemaji mmoja wa familia. Wakili akipigiwa na shangazi, kaka na mke kwa siku moja, kila mmoja na maelezo yake, atapoteza muda na nyinyi mtapoteza habari.

## Hatua ya 1: Linda mdomo wa mtuhumiwa kwanza

Hii inatangulia hata kumtafuta wakili. Kesi nyingi nilizoziona zikishindikana zilishindikana kituoni, kwenye karatasi inayoitwa maelezo ya onyo. Mtu kaandikwa amekiri, kaweka dole gumba, na miezi kadhaa baadaye karatasi ile inasomwa mbele ya hakimu.

Mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa kosa analotuhumiwa nalo, ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki anapotoa maelezo. Kwa kawaida haki hizi zimeandikwa juu ya fomu yenyewe ya maelezo. Tatizo ni kwamba watu hawazisomi, au wanasomewa haraka haraka.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kumwona, hata kwa dakika mbili kwenye kaunta, mwambie maneno haya tu: "Toa jina lako na unapoishi. Mengine sema utaongea wakili akiwepo. Usitie saini kitu ambacho hujasomewa chote." Usimwulize mbele ya askari kama alifanya au hakufanya. Jibu lake linaweza kukugeuza wewe kuwa shahidi.

Kwa nini uandike saa ya kukamatwa: sheria inawapa polisi saa 4 za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, na wakihitaji zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Muda wa kusafirishwa na sababu nyingine kadhaa hauhesabiwi. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila utaratibu kufuatwa yameshakataliwa na mahakama zetu mara nyingi. Wakili atahitaji saa hiyo, na nyinyi ndio mnaoikumbuka, si yeye. Vivyo hivyo, mtu aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Zikipita siku, ziandikeni.

Onyo: dhamana ya polisi hailipiwi. Akitokea mtu anataka "hela ya dhamana" bila risiti, hiyo si dhamana. TAKUKURU wana namba ya bure, 113.

Utajua umefanikiwa pale mtuhumiwa atakapokuwa ametoa taarifa zake binafsi tu, na daftari lako lina saa ya kukamatwa na jina la mpelelezi.

## Hatua ya 2: Jua kesi iko mahakama ipi na imefika wapi

Huwezi kuuliza bei ya nyumba bila kujua ni chumba kimoja au vitano. Na huku ndiko watu wanakolipishwa kesi nzima wakati kuna hatua moja tu mbele yao.

Kesi ikiwa Mahakama ya Mwanzo, uliza kwanza kama wakili anaruhusiwa kuingia. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa. Sasa wanaruhusiwa pale tu kesi inaposikilizwa na hakimu mkazi. Karani wa mahakama atakujibu swali hili kwa dakika moja. Kama hakimu si hakimu mkazi, wakili anaweza kukuandaa na kukushauri, lakini hatasimama, na ada yake iendane na hilo.

Kesi ikiwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, hapo ndipo mwongozo huu unapokufaa zaidi. Wizi wa kuaminiwa, kughushi, kujeruhi, kubaka, rushwa, nyingi huanzia na kuishia hapo.

Ikiwa ni mauaji, kesi itaanzia mahakama ya chini lakini itasikilizwa na Mahakama Kuu. Siku ya kwanza mshtakiwa ataambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka. Itatajwa na kuahirishwa, mara nyingi kila baada ya wiki mbili, mpaka upelelezi ukamilike. Familia nyingi humaliza hela katika kipindi hiki, zikimlipa wakili kila tarehe ya kutajwa, na Mahakama Kuu ikifika hawana kitu. Fahamu pia kwamba kesi ya mauaji ikifika Mahakama Kuu na mshtakiwa hana wakili, mahakama humpangia mmoja kwa gharama za serikali. Kwa hiyo usiuze shamba kwa hofu wiki ya kwanza.

Angalia pia kama kosa lina dhamana. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na ugaidi havina. Wakili akikwambia "nipe milioni, kesho anatoka" kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, ondoka ofisini kwake.

## Hatua ya 3: Pata majina matatu, kisha nenda ukawatazame

Wengi huchukua jina la kwanza wanalopewa, tena na mtu aliyesimama nje ya geti la mahakama. Yule mtu analipwa kwa kukupeleka. Hata awe mkarimu vipi, hilo lisikutoke kichwani.

Majina mazuri hutoka kwa watu ambao kesi zao zimekwisha. Uliza nyumba ya ibada, uliza kazini, uliza wasaidizi wa kisheria wa kata yako. Tafuta aliyeshtakiwa kosa linalofanana na la ndugu yako. Wakili anayetengeneza hati za viwanja kila siku anaweza kuwa bingwa wa viwanja, na bado asijue kumhoji askari.

Ukishapata majina, fanya jambo ambalo karibu hakuna mtu anayelifanya: nenda mahakamani ukakae. Kesi nyingi za jinai husikilizwa wazi, na yeyote anaruhusiwa kuingia kwa heshima, simu ikiwa imezimwa. Mwulize karani au mwulize wakili mwenyewe ni lini ana kesi inayosikilizwa, si ya kutajwa. Kaa benchi la nyuma.

Nilikaa siku moja nyuma ya mama ambaye mwanawe alishtakiwa kwa wizi wa usiku. Kesi haikuwa ya mwanawe, tulikuja kumtazama wakili tu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na yule mama alikuwa na mashaka naye. Shahidi akasema alimtambua mshtakiwa vizuri. Wakili hakupaza sauti. Akauliza: taa ilikuwa upande gani wa nyumba? Wewe ulisimama wapi? Kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua ngapi? Ulimwona kwa muda gani kabla hajageuka? Ulipofika kituoni ulimtaja kwa jina au ulisema "kijana mmoja"? Kila jibu akaliandika kabla ya kuuliza linalofuata. Mpaka swali la tano shahidi alikuwa ameshasema taa ilikuwa nyuma ya yule mtu. Mama akanigeukia, akaninong'oneza: "Huyu."

Alikuwa sahihi. Vigezo vya kumtambua mtu usiku, yaani mwanga, umbali, muda na kufahamiana, vimewekwa na Mahakama ya Rufani tangu 1980, na wakili yule alikuwa anavipitia kimoja kimoja bila kuvitaja.

Cha kutazama: je, amefika kabla ya hakimu? Ana jalada la kesi ile au anapekua karatasi? Anamsikiliza shahidi au anasoma maswali yaliyoandikwa? Anazungumza na mteja wake kabla ya kuingia? Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria tangu 2021, kwa hiyo hata usiyejua Kiingereza una nafasi ya kuelewa kinachoendelea.

## Hatua ya 4: Hakiki kama ni wakili

Mwanasheria na wakili si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria na asiwe na ruhusa ya kukutetea mahakamani. Wakili ni yule aliyeapishwa, akaingizwa kwenye daftari la mawakili, na ana leseni hai ya mwaka huu. Leseni hutolewa kwa mwaka, kwa hiyo aliyekuwa nayo mwaka jana si lazima awe nayo leo.

Kuhakiki ni bure:

1. Mwombe majina yake kamili na namba yake ya uwakili. Wakili wa kweli hachukii swali hili.
2. Fungua mfumo wa Mahakama ya Tanzania unaoitwa e-Wakili, tafuta jina au namba.
3. Linganisha picha na mtu uliyemwona, na angalia kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa.
4. Usipomwona, uliza Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, au ofisi za Mahakama Kuu ya kanda yako.

Mawakili vishoka wapo, tena wanavaa suti nyeusi na kubeba mafaili mazito. Baadhi hutumia jina na muhuri wa wakili mwingine. Ndiyo maana picha ni muhimu kuliko jina.

Utajua umefanikiwa ukiwa na picha ya ukurasa wake kwenye simu yako, yenye uso wa mtu yule yule.

## Hatua ya 5: Kikao cha kwanza

Nenda na daftari, hati ya mashtaka, na msemaji wa familia. Watu wawili wanatosha. Uliza kama kikao cha kwanza kinalipiwa kabla hujakaa.

Eleza kwa mpangilio wa tarehe, na usifiche. Mazungumzo ya mteja na wakili wake yanalindwa na sheria, hawezi kuyapeleka kwa mpelelezi. Ukificha kwamba mshtakiwa alishawahi kufungwa, au kwamba alimtumia mlalamikaji ujumbe wa kuomba msamaha, wakili ataukuta ujumbe huo siku shahidi anausoma. Wakati huo hana la kufanya.

Kisha uliza wewe. Haya ndiyo maswali ninayowapa watu wayaandike:

"Nani atasimama mahakamani?" Katika ofisi ndogo jibu liwe jina la mtu. Endelea: "Siku ukiwa na kesi Mahakama Kuu na yetu iko hapa, nani atakuja?" Mawakili husimama kwa niaba ya wenzao, ni jambo la kawaida kwa siku ya kutajwa. Siku ya kusikiliza shahidi mkuu, mgeni asiyelijua jalada ni hasara yenu. Wakili wa peke yake ofisini si vibaya, mradi akuambie wazi anafanyaje tarehe zikigongana.

"Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha nini katika kosa hili?" Kila kosa lina vipengele vyake. Anayejua jinai atavitaja kimoja kimoja bila kupekua sana, na kukuonyesha kipi kinaonekana dhaifu na kipi kina nguvu. Akisema tu "hii kesi nyepesi", hajakujibu.

"Unamtetea mshtakiwa mwingine katika kesi hii?" Hili watu hulisahau kabisa. Washtakiwa watatu wakichanga kumlipa wakili mmoja, inaonekana ni nafuu. Lakini wa kwanza akija kusema "mzigo ulikuwa wa mwenzangu," wakili atamtetea nani? Utetezi wenu ukigongana hata kidogo, kila mmoja awe na wake.

"Kukiri kunaweza kutusaidia?" Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa Mkurugenzi wa Mashtaka, yakasajiliwa mahakamani. Yanafaa kesi nyingine na kudhuru nyingine, na yapo makosa yasiyoruhusiwa. Wakili mwaminifu ataeleza pande zote mbili na kuacha uamuzi kwa mshtakiwa. Anayekushinikiza ukiri siku ya kwanza, kabla hajasoma chochote, mwogope.

Onyo kubwa: wakili akikuahidi ushindi, au akitaka "ya hakimu" iwe ndani ya ada, nyanyuka. Hakuna wakili anayeweza kuahidi hukumu. Na fedha ya hongo ikitoka mfukoni mwako, wewe nawe ni mtuhumiwa.

## Hatua ya 6: Ada na mkataba

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo hela zinapopotelea.

Mama mmoja aliniletea risiti zake zote ndani ya mfuko wa rambo. Zilikuwa vipande vinne vya karatasi ya daftari. Cha kwanza kiliandikwa kwa kalamu ya bluu: "Nimepokea laki tano." Hakikuwa na jina la aliyepokea, namba ya kesi, wala kazi ya kufanywa. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Nilipompigia yule wakili, akasema kwa utulivu kwamba laki tano zilikuwa za "kufungua faili" na nyingine za "kufuatilia". Hatukuwa na karatasi ya kumpinga.

Kwa hiyo ada igawanywe kwa hatua za kesi, si kwa tarehe wala kwa maneno. Kwa kesi ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, hatua zenyewe ni hizi:

- Kusoma jalada, kuonana na mshtakiwa na kushughulikia dhamana.
- Kipindi cha kutajwa mpaka kusomewa hoja za awali, yaani siku mshtakiwa anapoulizwa mambo gani anakubali na gani anabishania.
- Ushahidi wa upande wa mashtaka, mpaka uamuzi wa kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu.
- Utetezi, mpaka hukumu na maombi ya kupunguziwa adhabu.

Kesi ikiisha kwenye hatua ya pili, mfano mashtaka yakiondolewa, hamdaiwi ya nne. Chukueni mfano wa hesabu tu: mmekubaliana milioni 2. Badala ya kutoa yote leo, toeni laki 5 mwanzoni kwa hatua ya kwanza, kisha laki 5 kila moja ya hatua tatu zilizobaki inapoanza. Wakili anapata hela yake kwa wakati, nanyi mnaona mnachokilipia. Ofisi ndogo nyingi zinakubali mpango huu ukiuomba kwa heshima kabla ya kuanza. Ukiuomba katikati ya kesi, umechelewa.

Mkataba hauhitaji kurasa kumi. Ukurasa mmoja wenye saini unatosha, mradi uwe na:

- Majina ya mshtakiwa na namba ya kesi.
- Jina la wakili atakayesimama.
- Hatua zilizomo na zisizomo. Rufaa kwa kawaida haimo. Andikeni hivyo.
- Ada ya kila hatua na inalipwa lini.
- Nauli, malazi na nakala ziko ndani au nje. Kesi ikiwa Sumbawanga na wakili yuko Mbeya, mstari huu unaweza kuzidi ada yenyewe.
- Kama kodi ya ongezeko la thamani imo au itaongezwa. Si kila ofisi ndogo imesajiliwa, kwa hiyo uliza.
- Mtu wa familia anayepewa taarifa, kwa njia gani, baada ya kila tarehe.
- Mkiachana, nini kitarudishwa, na kwamba nyaraka zenu mtapewa.

Lipa kwa benki au kwa namba ya biashara yenye jina la ofisi, na dai risiti ya EFD. Muamala uliokwenda kwa namba binafsi ya "msaidizi wa wakili" utakusumbua kuuthibitisha.

Usichanganye fedha ya dhamana na ada. Mahakama ikiagiza fedha taslimu iwekwe, inawekwa mahakamani kwa namba ya malipo na inapewa stakabadhi. Haipitii mfukoni mwa wakili. Wadhamini nao waelezwe kabla ya kusaini: mshtakiwa akitoroka, wao ndio watakaodaiwa kiasi kilichoandikwa kwenye bondi.

### Kama fedha haipo kabisa

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu hakimu au jaji, akiona haki inadai hivyo na mshtakiwa hana uwezo, aelekeze apatiwe msaada wa kisheria. Mshtakiwa mwenyewe anaweza kunyanyua mkono kizimbani akaomba. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, ni miongoni mwa wanaosaidia bure, na magerezani kuna utaratibu wa wasaidizi wa kisheria. Nenda mapema.

## Hatua ya 7: Wakili aonane na mshtakiwa mwenyewe

Anayelipa ni familia, lakini mteja ni mshtakiwa. Wakili anapokea maagizo kutoka kwake. Baba anaweza kutaka mwanawe akiri ili yaishe, mwana akakataa, na wakili atamfuata mwana. Familia zielewe hili mapema kabla halijazua ugomvi.

Kama yuko mahabusu, wakili aende gerezani kumwona kabla ya hoja za awali, kwa sababu siku hiyo mshtakiwa ataulizwa mambo gani anakubali na gani anabishania. Akikubali kitu kwa kutoelewa, hakihitaji tena kuthibitishwa. Dakika tano kwenye korido huku askari magereza wanasubiri hazitoshi.

Utajua umefanikiwa ukimwuliza ndugu yako siku ya kumtembelea, "Wakili kakuuliza nini?" naye akakuelezea mambo ambayo hata nyinyi hamkuyajua.

## Hatua ya 8: Fuatilia kila tarehe

Hudhurieni, hata kama ni kutajwa tu. Baada ya kila tarehe andikeni mistari mitatu: nani alikuwepo, nini kimetokea, lini tena. Kama hakimu ameuliza upelelezi umefikia wapi, andikeni jibu la wakili wa serikali. "Upelelezi haujakamilika" ikirudiwa mara nyingi, wakili wenu anahitaji rekodi hiyo kuomba mahakama ichukue hatua.

Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana asikose hata siku moja. Akiugua, barua ya daktari ifike mahakamani asubuhi ile ile kupitia wadhamini. Hati ya kumkamata ikishatoka, wakili mzuri kuliko wote atapata taabu kumrudishia dhamana.

Wakili asipopokea simu siku mbili, usianze kulalamika ukoo mzima. Ana siku za kusikiliza kesi kutwa. Mtumie ujumbe wa maandishi wenye namba ya kesi na swali moja. Wiki ikipita bila jibu, nenda ofisini na mkataba wako.

## Hatua ya 9: Mkishindwana

Mshtakiwa ana haki ya kubadilisha wakili. Ifanyike kati ya tarehe na tarehe, isiwe asubuhi ya kusikiliza shahidi. Mwandikieni barua ya kumaliza mkataba, ombeni jalada na hesabu ya fedha iliyotumika, na wakili mpya ajitambulishe mahakamani. Mpya apewe daftari lote alisome.

Kama amekula fedha bila kufanya kazi, au amekosa tarehe mara kwa mara bila taarifa, malalamiko yanapelekwa Kamati ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumwadhibu hadi kufutwa kwenye daftari. Bila mkataba na risiti, kamati itakuwa na neno lako dhidi ya lake.

## Hatua ya 10: Siku ya hukumu

Mkataba wa utetezi unaishia hapa, na siku hizi ndizo zinazoponyoka kwa sababu kila mtu analia. Mshtakiwa akitiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, notisi ya kukata rufaa Mahakama Kuu inatakiwa ndani ya siku 10. Rufaa yenyewe ni ndani ya siku 45, na muda uliohitajika kupata nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30.

Kabla hamjatoka kwenye viwanja vya mahakama, mwulizeni wakili: notisi unaandika wewe au ataandikia gerezani? Magereza wana utaratibu wa kumsaidia mfungwa kuandika notisi, kwa hiyo hata asiye na wakili asiache siku 10 zipite. Ombeni nakala kwa barua siku hiyo hiyo, na barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala zikitoka, andikeni kwenye daftari tarehe mliyokabidhiwa na jina la karani aliyewapa, maana wakili wa rufaa ataanzia hapo kuhesabu zile siku 45.